Bei ni Yao, Lita ni Zangu

…tunaweka ya ngapi leo, anauliza Jackie, mpira wa pampu mkononi na macho kwenye gari lililo nyuma yetu, na mimi ambaye huwa namjibu hata kabla hajafungua mdomo, ya ile ya kila siku, Jackie, na usimwage, leo nimesimama kando ya pikapu yangu sikio likiwa kwingine, na sababu ni hii redio, Muiruri ameifungulia sauti mpaka mama wa mahindi ya kuchoma kule nje anaisikia, kuna msomi mmoja anasema serikali ikishusha kiwango cha mwendo kwenye barabara kuu bei ya mafuta nayo itashuka, magari yakienda pole pole yatakunywa kidogo, yakinywa kidogo mafuta yatabaki mengi, na kitu kikibaki kingi bei huanguka, anaongea taratibu, mtu ameshiba huyo, na Muiruri mwanangu, miaka ishirini na minne na mabega ya baba yake, Mungu amlaze pema, amegonga usukani kwa kicheko, "Mathe, unaskia huyu buda? Ati nikiendesha pole pole Waarabu watanionea huruma," na siku nyingine ningecheka naye, kwa sababu si mjinga mimi, viazi nimeviuza miaka kumi na mitano hapa soko la Kongo, najua Njabini ikijaa viazi bei inaanguka mpaka mkulima analia, kwa hivyo msomi hakukosea kabisa, lakini pia najua nikisusa mimi na gunia zangu ishirini hakuna mkulima Kinangop nzima atakayekosa usingizi, na magari yote ya Kenya, weka ya waheshimiwa, weka yale yanayoegeshwa pale Nyayo Highrise, yote ni kikombe kimoja kimechotwa kwenye pipa, bei inapikwa ng'ambo, inatiwa dola, inatiwa ushuru, tarehe kumi na nne ya kila mwezi tunapakuliwa, na leo ni kumi na sita, tushapakuliwa, hata tukitembea kwa magoti mpaka mwezi ujao haishuki… lakini yatakunywa kidogo, hilo ndilo neno lililonishika, yatakunywa kidogo, kwa sababu hii pikapu yangu inakunywa kidogo tayari.

Kidogo mno, na mimi sikuuliza, mama mzima na akili zangu sikuuliza, bei ilipopanda nikampunguzia kijana mafuta, nikamwambia jibane, basi, hilo tu, jibane, naye akajibana, anapanda Njabini na gari tupu, analala huko, anarudi alfajiri na gunia ishirini na mshale wa mafuta haujagusa chini, wiki baada ya wiki, na mimi nikajisifu, mdomo wangu huu, nikawaambia akina mama wa soko madereva wenu wanamwaga, wangu anajua kubana, nikayasema mpaka nje ya kanisa huku yeye amesimama hapo anaangalia viatu vyake na kutabasamu, mpaka jana nilipopeleka gari Kianda kwa Riyadh kwa sababu lilikuwa linalia likifunga breki, Riyadh fundi, yule Mnubi asiyependa maneno mengi, akatoa gurudumu la mbele, akaniita, akanitilia kitu mkononi, pedi ya breki, imeungua, imebaki nyembamba kama ganda la kiazi, "Mama Muiruri, usiniskie vibaya. Hizi si nilikuwekea juzi tu? Huyu kijana anashuka na fri. Kutoka kule juu Flyover anatoa gia, anazima injini, gari inajishukia na mzigo mpaka karibu na Rironi. Ndio maana mafuta yako haiishi," na mimi nikamwambia, ee Mungu nisamehe, nikamwambia lakini Riyadh, si mteremko ni wa bure, na yeye akanitazama hivi, "Ukizima injini breki inakuwa ngumu kama ukuta. Siku moja atakanyaga na haitashika," na mama yake, Sitti, aliyekuwa anakaanga bhajia hapo mlangoni, ambaye viazi vyake vyote ni vyangu, akageuza bhajia zake bila kuniangalia, "Bure ghali, Wangoi."

Bure ghali, nimelala nayo, nimeamka nayo, Riyadh ameweka pedi mpya na gari halilii tena, lakini pedi hazikuwa ugonjwa, pedi zilikuwa dalili, na huyu hapa ndiye mgonjwa, amevaa kofia nyuma mbele na ananing'iniza mkono dirishani… na Mulei je, Mulei dereva aliyekuwa akiegesha kando yetu sokoni, Mkamba wa vicheko, aliyenibebea gunia siku nilipoteguka mguu, gari lake lilitoka barabarani chini ya Kimende na kabichi zake, watu wakaja na magunia kuzizoa, na siku hiyo hiyo adhuhuri kabichi zikawa rahisi hapa Kongo, rahisi ajabu, nikanunua sita, nikapika na nyama, na jioni ndipo habari ikafika, kabichi zile zilikuwa tumboni mwangu tayari, sijawahi kumwambia mtu, na kwenye matanga sote tukasema ni ukungu, Kimende na ukungu wake, madereva wote walitikisa kichwa, ukungu, ukungu, na hakuna hata mmoja aliyemtazama mwenzake, sasa naelewa kwa nini, walijua, kila mmoja wao alikuwa anashuka na fri kwa sababu kila mmoja alikuwa na tajiri wake aliyemwambia jibane, na huyu wangu alikuwa amesimama nao pale, anatikisa kichwa.

"Mathe, ya ngapi, jameni, watu wananipigia honi," Jackie huyo, na Muiruri anatoa kichwa dirishani, "Weka tu ile ya kila siku, Jackie, mimi hufika nayo," halafu ananigeukia, ananikonyeza, "si ndio, mathe?" na hapo ndipo ninapoona, Mungu wangu, kijana anangoja nimsifu, hazimi injini kwa ajili ya msomi wala serikali wala bei, anaizima kwa ajili yangu, ili kesho niseme sokoni wangu anajua kubana, na hata ile mbio anayopiga akishafika tambarare ni yangu pia, nani anayempigia simu kila baada ya robo saa, uko wapi, umefika wapi, wenzako wameshashusha, ni mimi, na jana Sitti mwenyewe amenicheka, "Leta hata saa nne, bhajia yangu ina miguu?" viazi si maziwa, havigandi, nilikuwa namkimbiza mwanangu kwa ajili ya kitu kinachoweza kukaa guniani wiki mbili… Jana usiku nilitaka kumwambia, nikameza, kwa sababu najua atakavyojibu, mathe tulia, mathe mimi ni mzoefu, atabusu kidole na kuapa, na kesho alfajiri pale Flyover, mshale ukiwa chini na baridi imemwuma, mkono utaenda kwenye gia wenyewe, maneno hayashiki breki, mtu uliyempa mafuta kidogo ataendesha kwa kidogo, na huwezi kumpimia kibaba halafu umkasirikie kwa njaa.

Basi. Msomi anaendelea, sasa amepigiwa simu na mtu wa Nakuru anayembishia, waishushe, wasiishushe, wabishane mpaka kesho kutwa, huenda ana haki na huenda hana, mimi sina uwezo wa dola wala wa ushuru, bei ni yao, lita ni zangu, na mteremko ule kutoka Flyover ni wangu, kwa sababu anayeteremka ni wangu, mwendo ninaushusha mimi leo bila kungoja bunge, sindano isipite sitini, gia iwe ndani, injini iwe inanguruma kutoka juu mpaka chini, na kama faida itapungua ipungue, nitakula sukuma, nitauza kwa debe dogo, nitaongeza bei kwa Sitti na atanung'unika na atalipa, na kwa sababu simwamini, nampenda na simwamini, nitakaa naye, meza yangu ya sokoni ifunikwe turubai siku mbili kila safari, hakuna atakayekufa, leo na safari ijayo na ile ya baada yake nitakaa pale kando yake garini, mpaka mkono wake usahau ile njia, na akina mama wakiniuliza nitawaambia ukweli, pamoja na ule wa Mulei, haukuwa ukungu, nitausema mchana kweupe, tena nje ya kanisa, pale pale nilipojisifia.

"Jaza," namwambia Jackie, na Jackie anafikiri hakusikia vizuri, "Jaza tenki, mpaka pampu ijikate yenyewe," na Muiruri ameacha kucheka, "Mathe? Kwani umeshinda lotto?" nimeshazunguka upande wa pili, nimefungua mlango, nasukuma koti lake na chupa zake za soda, nakaa, goti langu linagusa gia, naishika, inalegea huku na huku, iko fri, na hapa ni sawa, gari limesimama, mkono wangu nauacha pale pale juu ya gia, nyuma yetu dizeli inaanza kuingia, na mwanangu anautazama mkono huo, halafu bila kuambiwa anapunguza redio.