Swala Aliyegeuka Nyuma

Pale kituoni walimwita Redio, na hawakumwonea. Akishafungua mdomo asubuhi, hakuna aliyepata nafasi ya kuchomeka neno mpaka jua linazama. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni kwenye Mwamba na kuwaeleza michoro iliyoachwa na watu wa kale, na kwenye kazi hiyo mdomo ndio jembe. Mgeni aliyepanda kilima akilalamikia magoti alishuka akicheka, magoti kayasahau huko juu.

Michoro ilikuwa mingi, lakini uliowaleta watu ulikuwa mmoja: swala mwekundu anayekimbia huku amegeuza shingo, na nyuma yake ndama mdogo aliyechelewa. Nani alimchora, na lini, wasomi wenyewe bado wanabishana. Lakini kila mtoto wa nchi ile alimjua. Alikuwa kwenye jalada la kitabu cha historia, kwenye stempu, kwenye mlango wa gari la kituo, na kwenye vikombe vilivyopangwa dirishani mwa ofisi, vile ambavyo picha yake hubanduka ukishaviosha mara mbili tatu.

Aliyeulinda Mwamba huo alikuwa mjomba wake Redio, kaka wa marehemu mama yake, mzee mwenye sauti nene na subira nyembamba. Ndiye aliyemlea Redio tangu wa kubebwa mgongoni, na ndiye aliyembembelezea kazi pale kituoni. Redio alipenda kuwaambia wageni, "Huyu ni mama yangu, ila ameota ndevu," na mzee akisikia humrushia kandambili, kisha humtuma huyo huyo aende akaiokote.

Mzee huyo alikuwa na mazoea yake. Kila asubuhi, kabla ya wageni, alisimama mbele ya kamba iliyozuia watu wasiuguse mwamba, akavua kofia na kumsalimu swala. "Umeamkaje, mama?" Alishikilia kwamba swala yule ni jike. Wasomi walipombishia aliwajibu kwamba angekuwa dume angeangalia mbele na kuokoa ngozi yake. Aliyegeuza shingo vile anamtafuta mtoto. Hapo wasomi waliandika kitu kwenye karatasi zao.

Sasa, jambo ambalo ofisi haikulijua ni kwamba mzee hakuwa akiona. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, polepole, mpaka akabaki na mwanga na vivuli tu. Njia ya kilimani aliijua kwa nyayo, na sauti za watu alizijua kabla hawajamaliza salamu, kwa hiyo hakuna aliyemshtukia. Alimwambia Redio peke yake. Alijua wakubwa wakisikia watampumzisha, na mzee yule kupumzika alikuogopa kuliko kaburi. Basi kila asubuhi, akishamsalimu swala, alimgeukia mpwa wake.

"Redio, yuko vilevile?"

"Yuko vilevile, mjomba."

"Shingo?"

"Kaigeuza."

"Na mtoto?"

"Yuko nyuma ya mama yake."

"Haya," mzee angesema, na kwenda kwenye mafiga yake chini ya mwamba kuchemsha chai. Na kila asubuhi Redio alijibu akikwepa kulitazama jiwe, kwa sababu swala hakuwa vilevile. Swala alikuwa anakufa, na aliyekuwa anamuua ni yeye Redio.

Ilianza kwa wema, kama mambo mengi yanayotuaibisha baadaye. Walikuja watoto wa shule, wametoka mbali, wamesafiri tangu alfajiri na wengine wametapika njiani. Walipanda kilima wakiimba. Walipofika mbele ya mwamba, wimbo ukafa. Walizoea yule wa kwenye kitabu, mwekundu anayewaka. Huyu wa kweli alikuwa amefifia kwa umri, mpaka umtafute. Kisichana kimoja chenye kaptula kubwa kuliko chenyewe kikauliza, "Yuko wapi?" Kisha kikaanza kulia. Redio alikuwa na chupa ya maji ya kunywa mkononi. Alichungulia kama mjomba wake yuko karibu, akaruka kamba, akamimina maji juu ya jiwe.

Nani angelaumu, lau angeona vile? Swala alitoka mwambani mzima mzima. Miguu ikaonekana, masikio yakaonekana, ndama akaonekana mpaka kwato. Watoto walipiga kelele hata popo wakatoka mapangoni, na kile kisichana kikacheka huku machozi bado yako shavuni. Redio alirudi nyumbani siku ile akijiona mfalme. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini nani anawakumbuka wahenga wakati anapigiwa makofi?

Na si kwamba hakuambiwa. Siku ya kwanza kabisa ya kazi mjomba alimshika sikio, akalivuta kidogo ili maneno yaingie vizuri. "Maji ni adui wa michoro. Leo yanamng'arisha, kesho yanamla. Yakikauka yanavuta chumvi ya jiwe ije nje, na chumvi ikija inatoka na rangi. Umesikia?" Alisikia. Aliwaeleza hata wageni, kwa madoido. Lakini baada ya wale watoto walikuja wengine, kisha wapiga picha, kisha maharusi waliotaka kusimama na swala anayewaka, na kila kundi lilikuwa na mtu aliyenong'ona, "Tumesikia kwako anaonekana vizuri." Chupa ikawa sehemu ya kazi. Sifa zikienea, mwenye sifa hufungwa nazo.

Msimu mmoja wa mvua ukapita, na mwingine. Pale palipolowanishwa pakaanza kuota weupe, kama ule unaobaki kwapani mwa shati lililokauka na jasho. Kisha weupe ukawa unadondoka vipande vidogo. Asubuhi moja Redio alifika na kumkuta ndama hayupo. Pale alipokuwa palibaki jiwe tupu, safi, kama halijawahi kuchorwa kitu. Nyuma yake mjomba akavua kofia.

"Na mtoto?"

"Yuko nyuma ya mama yake," Redio akasema. Tangu siku hiyo aliacha kumwaga maji. Lakini jiwe halikujua kwamba ameacha. Liliendelea kubanduka kidogo kidogo, kila siku likichukua chake.

Malalamiko yakafika juu. Mkuu wa kituo, ambaye wote walimwita Bi Mkuu, alimwita Redio ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni iliyotikisa kichwa kama mtu asiyeamini anachoambiwa, na ukutani palikuwa na picha kubwa ya swala, mwekundu, ndama wake nyuma.

"Kesho kutwa anakuja mtaalamu wa mambo ya kale," Bi Mkuu alisema. "Wageni wanasema michoro inapotea. Na mimi nimepanda mwenyewe, nimeona. Unajua ni nini?"

Redio alitazama vikombe vya dirishani.

"Ni moshi," Bi Mkuu akajijibu. "Mjomba wako na chai yake. Miaka yote hii anawasha moto pale chini, moshi unapanda, unaganda, unaharibu. Namheshimu sana yule mzee, ni kama baba yangu. Lakini ikithibitika, itabidi aondoke, na hataondoka kwa shangwe. Wewe ni mtu wake, mwandae taratibu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, halikuhitaji hata kusukumwa. Redio, yule aliyekuwa hajawahi kukosa la kusema hata msibani, alinyamaza. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akasimama uani. Alijichukia, na bado alisimama tu.

Hakumwandaa mzee, mzee alijiandaa mwenyewe, maana habari haina mlango. Jioni Redio alimkuta ameyabeba mafiga yake matatu na kuyatupa mbali kichakani, na majivu ameyafagia kwa mkono.

"Eti moshi wangu," mzee alisema. "Inawezekana, Redio? Mimi ndiye ninayemuumiza?"

"Si wewe, mjomba."

"Unajuaje? Labda ni mimi. Sikufikiria. Nilifikiria chai tu." Alijipangusa majivu kwenye suruali. "Lakini si unaniambia yuko vilevile?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi hawatakuta kitu. Nitawaonyesha mwenyewe."

Siku iliyofuata kulikuwa na baridi na ukungu, na mzee alishinda kwenye kiti chake bila moto wala chai, amejikunyata ndani ya koti, akikohoa. Redio alimletea chai kwenye chupa kutoka nyumbani. Mzee aliikataa. Alisema kama kosa ni la chai, basi na chai yenyewe aiache kwanza. Redio alirudi nayo, na hakuweza kuinywa wala kuimwaga.

Asubuhi ya ukaguzi Redio alitangulia kilimani. Alikuwa amewaza usiku kucha na kuona njia moja tu: ammwagie swala maji mara ya mwisho, ang'ae, mtaalamu amwone, mzee apone. Kuhusu ndama, angesema alififia zamani. Ukweli angeusema baadaye, siku ambayo hautamuumiza mtu. Hivyo ndivyo mwoga anavyojipangia.

Akamimina. Swala akatokea. Kwa muda mfupi alikuwa mzuri kama siku ile ya watoto, shingo imegeuka, jicho linamtazama Redio usoni. Kisha jicho likaanza kushuka. Likavutika chini pamoja na maji, mstari mwembamba mwekundu, likapita shingoni, likapita kifuani, likadondoka kwenye kiatu chake. Sikio likafuata, kisha shingo na mgongo. Redio aliweka viganja juu ya jiwe kulizuia, na vilipotoka vilikuwa vyekundu. Akasikia kilio, akatambua ni chake.

Kutoka chini zilikuja sauti. Mzee alikuwa mbele, fimbo mkononi, amevaa shati la pasi, akiwaongoza Bi Mkuu na mtaalamu, mama mmoja mpole mwenye kofia pana na kamera shingoni. Alikuwa anasimulia tangu njiani.

"Simameni hapa. Usivuke kamba, mama. Haya, tazameni. Huyo ni mama na mwanawe. Anakimbia, lakini ona shingo! Angeweza kujiokoa, kageuka. Jicho lake ukilitazama sana utaona kama linakuuliza kitu. Na yule mdogo, mguu wa nyuma umeinuka, anajitahidi. Na wanasema kuna moshi! Moshi uko wapi hapo?" Alicheka, akavua kofia. "Umeamkaje, mama?"

Hakuna aliyecheka. Mtaalamu alitazama jiwe lililolowa, akamtazama Redio na viganja vyake. Bi Mkuu alijishika mdomo. Mzee akageuza uso huku na huku, akiwinda sauti.

"Mbona kimya? Redio. Waambie. Yuko vilevile?"

"Hayupo, mjomba," Redio akasema.

"Nani hayupo?"

"Wote wawili. Ndama alitoka tangu zile mvua. Mama ametoka sasa hivi. Si moshi. Ni maji. Mimi ndiye niliyekuwa nawamwagia maji ili waonekane, tangu wale watoto wa shule. Nilikuwa nakudanganya kila asubuhi."

Mtaalamu aliinua kamba, akasogea, akakagua jiwe kwa kioo chake cha kukuzia, kisha akakirudisha mfukoni. Hakuwa na haraka wala hasira, na hilo lilimuuma Redio zaidi.

"Ni kweli," alimwambia Bi Mkuu. "Ni chumvi hii. Moto wa mzee hauhusiki." Kisha, kwa upole ule ule, akamgeukia mzee. "Lakini baba, wewe unasimama hapa kila siku. Hukuona?"

Redio hakuwa amelifikiria hilo. Alidhani akisema amemwokoa mjomba wake. Kumbe amemtoa kwenye moto na kumsimamisha kwenye makaa. Sasa mzee alikuwa na majibu mawili tu: ama alijua akanyamaza, ama ile siri. Redio alifungua mdomo amwahi, aseme uongo wa mwisho, wowote ule, lakini mzee aliinua mkono.

"Sioni, mama," mzee alisema. "Siku nyingi sioni. Na nyinyi pia niliwaficha, Bi Mkuu, unisamehe." Akavaa kofia yake, kwa uangalifu, akaiweka sawa. "Huyu ndiye aliyekuwa macho yangu."

Bi Mkuu alifuta machozi, akasema mambo yatazungumzwa ofisini, kwa wote wawili, na kwamba Mwamba umefungwa kuanzia leo. Redio alivua kitambulisho chake shingoni kabla hajaombwa, akampa. Kisha akasogea kwa mjomba wake na kumshika mkono, kama alivyomshika kila siku kwenye mteremko ule.

Mzee akautoa mkono. Hakuunyakua; aliutoa tu, kama mtu anavyotoa kitu kisicho chake. Akaanza kushuka peke yake, fimbo ikigonga mawe, mguu ukipapasa kabla ya kukanyaga. Redio alibaki nyuma, ameshika chupa tupu, hajui kama ana ruhusa ya kumfuata. Alipiga hatua, akasimama. Akapiga nyingine.

Kwenye kona, pale njia inapozama kichakani, mzee alisita. Hakugeuka mwili wote. Aligeuza shingo tu, juu ya bega, akasikiliza.

"Nipo, mjomba," Redio alisema.

Mzee hakumwita, wala hakumfukuza. Alibaki vile, shingo imegeuka, mpaka aliposikia viatu vya mpwa wake vikianza kushuka, ndipo akatazama mbele na kuendelea na njia.