Chumba Kimoja Chenye Moto

Nilichotaka mimi ni usingizi tu. Mwaka mzima nilikuwa nikiwageuza wazee vitandani katika nyumba ya kulelea wazee huko Louisville, na mume wangu Mutware akipanga maboksi ghalani zamu ya usiku, hata tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Tulipopata likizo ya pamoja tukakodi nyumba kando ya ziwa, kusini mwa Buffalo. Bei ilikuwa rahisi kwa sababu mtu mwenye akili zake haendi ziwani mwezi wa kwanza.

Halafu tukamchukua mama. Anakaa Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, ambako tungepita tu, na alitamani kumwona mtoto mchanga wa kaka yangu Rugamba, anayeishi North Buffalo. Sasa kwetu, watu wa milima ya Kivu ya Kusini, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, na mama hali chakula mbele ya mkwe. Ni heshima nzuri sana kama kila mtu ana nyumba yake na kilima chake. Ndani ya gari moja ni adhabu. Mama alikaa nyuma amejifunika kitenge usoni. Mutware akakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kielekee juu, asije akamwona, na mimi nikawa ndiye kioo, nageuza shingo kila lori lilipotukaribia. Mama aliposikia njaa tulisimamisha gari, mimi na Mutware tukashuka, tukamngojea kwenye baridi mpaka amalize mkate wake.

Dhoruba ya theluji ilitukuta tayari tumefika. Kulipokucha hatukuona ziwa wala barabara, kulikuwa na weupe tu uliokuwa unapiga kelele. Simu zikatutangazia kwamba ni marufuku gari kutembea. Kabla ya saa sita mchana umeme ukakatika, na mashine ya kupasha nyumba joto ikazimika nao. Lakini sebuleni kulikuwa na jiko la chuma la kuni, na kuni zilikuwepo. Nikawaambia tuvute magodoro huku, tufunge milango ya vyumba vingine, tulale hapa wote mpaka itulie. Niliona ni jambo ambalo hata mtoto angelielewa.

Mama akakataa kutoka chumbani. Alikuwa amekaa kitandani na koti lake, pumzi yake inaonekana kama moshi, akaniambia yuko sawa kabisa na nisimsumbue mkwe. Mutware, aliyekuwa amepiga magoti anachochea moto, akasikia kila neno. Akasimama, akavaa koti.

“Bon, mama akuje ajipashe moto, akule,” akasema. “Miye nitakaa kwa gari. Iko na joto.”

Nikamwambia asiwe mjinga. Akaniambia mama amezeeka, yeye bado ana damu, akatoka. Nikarudi kwa mama, nikamwambia nafasi ni yake. Akasema anakuja, kwanza amalize sala. Najua sala za mama. Alikuwa anaogopa mkwe asije akarudi ghafla kuchukua kitu, akamkuta na kijiko mdomoni.

Basi ule moto ukanipasha mimi peke yangu. Mmoja anatetemeka chumbani, mwingine garini, wote kwa heshima, na mimi niliyechoka kuliko wote nikawa tarishi wa baridi yao. Nilikasirika sana. Nikakaa kwenye godoro nitafute maneno ya kuwatukana wote wawili bila kuwavunjia adabu, na hapo hapo usingizi ukanibeba.

Baridi ndiyo iliyoniamsha. Mlango wa nje ulikuwa wazi na theluji inaingia mpaka kwenye zulia. Chumbani kwa mama hapakuwa na mtu, ila simu yake ilikuwa kitandani na sauti ya Rugamba bado inaita ndani yake. Nikaishika, akanieleza kwa haraka. Alikuwa amempigia mama kumjulia hali, mama akamwambia mkwe yuko garini, injini inawaka. Rugamba akampigia kelele: theluji ikiziba bomba la moshi, moshi unaingia ndani ya gari na mtu anakufa huku anaona usingizi tu. Hapo mama akaitupa simu.

Nilitoka na soksi. Gari lilikuwa limebaki paa na kioo cha mbele. Mama alikuwa ameshaufungua mlango na kuizima injini, na alikuwa amemkumbatia Mutware kifuani, mkono mmoja chini ya kwapa, anamvuta kinyumenyume kwenye theluji. Kitenge kilikuwa kimemdondoka kichwani. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuona hata vidole vyao vikigusana.

Mutware alitapika, akafungua macho, akamwona ni nani aliyemshika. Akataka kujitoa.

“Tulia,” mama akamwambia. “Mi nilishazika bwana yangu. Mtoto yangu hatazika bwana yake juu ya haya zangu.”

Nikashika miguu, tukamwingiza. Nikapiga namba ya dharura, wakaniambia nimweke macho, watakuja wakipata njia. Wazima moto walifika jioni kwa gari lao la theluji, wakamvalisha barakoa ya oksijeni usoni, wakangoja mpaka waliporidhika, wakasema mama angechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine. Nilipofunga mlango nyuma yao ndipo nilipolia.

Mutware, akiwa bado hajasimama vizuri, aliangalia koti lake, kisha mlango wa nje. Nilimwona. Mama naye alimwona.

Akachukua kiti cha mbao, akakiburuta mpaka kwenye mlango huo, akakaa ameuziba. Akaniomba maharagwe. Nikampa sahani, nikidhani atageukia ukutani. Hakugeuka. Alitazamana na mkwe wake, akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akameza.

“Niko nakula,” akamwambia. “Donc hauna tena pa kukimbilia. Lala.”

Mutware akainamisha kichwa, akalala. Na mimi pia.