Kilengeo cha Bastola ya Ndugu Flavian

Ndugu Flavian, mkubwa wa chama wilayani, aliingia ghalani kwangu, ghala la silaha za serikali, ananukia marashi. Hilo lilinichefua kabla hajafungua mdomo, maana mtu aliyempiga mama mzima risasi juzi tu nilitegemea anuke jasho la hofu.

Akaweka bastola mezani. "Ndugu fundi, hii inavuta kushoto. Mimi nililenga mbwa."

Mbwa! Kijiji kizima kule upande wa Mwimbi kilimwona akifyatua ovyo siku ya kuhamisha watu, ili mama mmoja, Silvana, atoke haraka nyumbani kwake aende kijiji cha ujamaa. Risasi ilimsaga goti. Sasa tume ya uchunguzi ilikuwa inakuja Jumatatu kuijaribu bastola. Ikionekana nzima, Flavian ana kesi. Ikionekana mbovu, basi ni ajali, na Silvana na goti lake wamalizane wenyewe.

Nikaikagua. Kilengeo cha nyuma, kile kichuma chenye pengo unalochungulia, kilikuwa palepale nilipokiweka mwaka uliopita. Nilijua kwa sababu kila bastola nikimaliza kuirekebisha huichora kwa sindano mstari mwembamba, kuanzia kwenye kilengeo kushuka hadi mwilini mwa bastola. Kilengeo kikisogea, mstari unakatika. Ule ulikuwa mzima.

"Haina ubaya, Ndugu."

"Basi itie ubaya." Akacheka, meno yote nje. "Ile nyumba ya serikali pale Kizwite unakaa na watoto sita, siyo?"

Nilitaka kukataa. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika rafuni kuchukua kisukumio. Kifaa hiki ni kama jiriwa dogo: unaibana bastola, unazungusha skrubu, nayo inasukuma kilengeo kidogo kidogo, unywele kwa unywele. Kazi yake ni kunyoosha. Mimi nikakizungusha kupindisha. Kilengeo kikaenda kushoto, mstari ukakatika.

Sikuchora mwingine. Nilijiambia tume wataona wenyewe, nami sitakuwa nimetamka neno. Huo ndio ujasiri wa mwoga, na hadi leo naona kinyaa kuukumbuka.

Tume walifyatua risasi tano, zote zikaenda kushoto. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani mizito, akaigeuza bastola juani, akapitisha ukucha pale mstari ulipokatika. Akaniangalia.

"Fundi, ulipoipokea ilikuwa hivi hivi?"

Neno moja tu lingetosha. Flavian alikuwa kando, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

Wakaandika kwamba ni ajali, wakaenda kula.

Baada ya mavuno Silvana akaja ghalani kwa magongo, kuku amemfunga kwenye khanga mgongoni. Kwa desturi ya Kifipa angepiga magoti kusalimia, ila goti halikukunjika tena. Akaegemea mlango, akapiga makofi taratibu ya salamu.

"Shikamoo, mama," nikamwahi.

"Marahaba, baba. Nasikia ni wewe uliyeitengeneza ile bastola mbovu, isije ikaumiza mwingine. Mungu akubariki."

Akamfungua kuku, akanipa. Nikampokea kwa mikono miwili.