Maziwa Yenye Povu

Siku ya tisa hospitalini, nilijibu maswali yale yale kwa daktari mwingine. Kemuma ana miaka minne. Ndiyo, homa huja na kuondoka. Ndiyo, akilala analoa jasho. Hapana, mguu wa kulia hataki kuukanyagia. Malaria hakuna, taifodi hakuna. Damu imetolewa mpaka mtoto akiona koti jeupe anaficha mikono.

"Anakunywa maziwa mabichi?" Daktari Firdaus akauliza.

"Hapana. Mimi huchemsha."

Hilo nalo nilikuwa nimelijibu mara nne. Mume wangu, Machogu, alikuwa ameegemea ukuta, akisinzia wima kama punda.

Saa ya kuona wagonjwa, mama mkwe akaingia kutoka kijijini kwake Manga, chupa ya maziwa imefungwa kwenye leso.

"Umechoka, Mama," nikamwambia.

"Mimi? Aliyechoka ni wewe. Hata kitambaa cha kichwa umefunga kinyume."

Kemuma akainuka kitandani, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Magokoro!" Ndivyo anavyomwita nyanya yake. "Yana povu?"

"Si ya ng'ombe wako, mama? Yana povu."

Povu. Maziwa niliyochemsha mimi hufanya utando, hayafanyi povu. Nikakumbuka Agosti yote, mtoto akiwa Manga, mimi nikifanya mitihani ya masomo yangu ya jioni.

"Mama, Agosti ulikuwa unamchemshia?"

Mama mkwe haulizwi swali kama hilo. Machogu akafumbua macho, akanitikisia kichwa.

"Nichemshe nini? Nililea wanane kwa maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe mwenyewe. Huyu mumeo alikufa?"

"Hakufa," nikasema, "ila kuamka ndiyo shida."

Hakucheka. Nami sikungoja. Nikamfuata daktari kwenye korido, ndala zikipiga sakafu. "Daktari, nilikujibu vibaya. Kwa nyanya yake amekunywa."

Wakamtoa damu tena. Mama mkwe alikataa kurudi nyumbani; alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono juu ya mguu ule mbovu.

Saa kumi na moja majibu yakaja: brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi. Dawa wiki sita, bila kuruka hata siku moja. "Atatembea," Firdaus akasema. Machogu akaketi sakafuni palepale.

"Kwa hivyo ni mimi," mama mkwe akasema polepole.

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kusema ndiyo. Nikatazama mkono wake, bado uko pale mguuni.

"Hata mimi, Mama. Niliulizwa habari za mtoto, nikajibu za jikoni kwangu."

Akafungua leso, akanipa chupa. "Tafuta jiko. Yachemke mpaka yamwagike."

"Yatafanya ngozi juu!" Kemuma akalia. "Mimi sitaki ngozi!"

Siku tisa hakuwa na nguvu za kukataa kitu kwa kelele hivi. Nikaenda kutafuta jiko.