Nafasi Karibu na Lorenzo

Saa sita na nusu mchana Oreste, mtunza kanisa, hufunga milango. Anawatoa watalii, anakusanya yale mashuka ya karatasi waliyofunikia mabega, anageuza ufunguo, anakwenda kula. Sisi watu wa mji wa Firenze ndivyo tulivyo, mpaka saa tisa hakuna kanisa.

Sasa kwenye ukuta wa kushoto yumo mtakatifu Lorenzo, kachorwa pamoja na wavu wake wa chuma, ule waliomchomea wauaji wake. Watu wakishatoka, yeye hushuka, hujikung'uta chokaa, huvuka uchochoro na kupanda kwa bibi Ersilia. Ngazi arobaini na moja. Au arobaini na mbili, moja imevunjika.

Bibi Ersilia ni mjane, nyumba ile aliingia bibi harusi. Humpakulia maharage na mkate wetu huu usio na chumvi, na ule wavu huuazima kuchomea pilipili hoho.

"Pangusa miguu, mwanangu. Nimepiga deki."

"Natoka kanisani, bibi, nina uchafu gani?"

"Nawajua wanaokanyaga humo."

Mwezi wa nane mwenye nyumba, Gherardo, akaja na barua. Bibi atoke mwezi ujao, chumba ni cha watalii, kama vile vingine vyote.

"Si mimi, bibi. Ni soko."

"Soko mbona limetia sahihi yako?"

Gherardo akamtazama Lorenzo. "Na huyu mpangaji wako atoke."

"Huyu ana kwake," bibi akasema.

Bibi akatafuta chumba mtaa mzima, hakuna. Kilichopatikana kiko nyuma ya vilima, mabasi mawili, na huko hamjui hata muuza mboga. Akarudi, akakaa na viatu mkononi.

"Kwetu kuna nafasi," Lorenzo akasema, anatafuna. "Kuliani kwangu. Mchoraji alitaka kuweka malaika, chokaa ikamkaukia kabla hajamchora."

"Unyevu? Nina magoti mimi."

"Pakavu kabisa."

"Majirani?"

"Askari wawili na mbwa."

"Anabweka?"

"Kachorwa kwa nyuma, bibi. Mdomo hana."

Akahamia Jumamosi, na aproni yake na birika la kahawa. Oreste alimshikia ngazi, lakini kwanza alimsimamisha mlangoni, maana kulikuwa na joto na bibi alivaa gauni lisilo na mikono.

"Mabega, bibi."

"Oreste, nilikubadilisha nepi mimi."

"Sheria ni ya wote."

Basi akapanda na shuka la karatasi mabegani, na ndivyo alivyokaukia. Siku hizi waongoza watalii husema ni mjane tajiri aliyelipia mchoro, na lile shuka ni hariri.

Mchana wanashuka wote wawili. Miguu ya bibi inavuka uchochoro yenyewe, imezoea. Ila mlango wa chini wa nyumba yake ya zamani umewekwa kitasa cha kubonyeza namba, na namba wanapewa watalii tu. Kwa hiyo wanakula pale kizingitini, mkate na kitunguu. Wavu Lorenzo anauegemeza ukutani, moto hakuna.

Juzi wakatoka mle ndani mume na mke, watalii, wanaburuta masanduku. Wakamwomba bibi, kwa adabu kabisa, asogee kidogo, wapige picha ya mlango, kwamba ni mlango wa watu wa hapa hasa. Bibi akasogea.

"Dirisha la jikoni mmefunga?" akawauliza. "Kitasa chake lazima ukinyanyue ndipo ukisukume."

Hawakujua lugha. Wakatabasamu.

Saa tisa Oreste akafungua. Wale wale wakaingia, wakafunikwa mabega, wakasimama mbele ya mjane wa ukutani kitambo kirefu. Mume akasema huyu mama ana uso kama amekasirika. Mke akasema hapana, ndivyo walivyochora zamani. Halafu akasema nyumba waliyolala ilikuwa nzuri sana, ila njiwa waliingia jikoni usiku kucha, dirisha halifungiki.

Bibi Ersilia alisikia yote. Kuanzia saa tisa ukutani hawaongei.