Jicho Moja Mbele ya Skrini

Dada yangu aliporudi kutoka hospitali bila jicho la kushoto, kitu cha kwanza kumshinda kilikuwa chai. Aliimimina mezani, kando kabisa ya kikombe, ameshika birika bila wasiwasi wowote. Mama alipangusa meza.

"Basi," dada akasema. "Kazi yangu ndiyo imekwisha."

Kazi yake ilikuwa kuchora ngazi za chuma kwenye kompyuta, katika karakana ambamo mimi huchomelea. Daktari alikuwa amemweleza kwamba jicho moja litampa shida ya kujua kitu kiko mbali au karibu. Sasa mtu wa namna hiyo achoreje ngazi?

Nilimsindikiza karakanani akachukue vitu vyake. Bosi wetu, tuliyemwita Rula kwa sababu ya urefu wake, alikuwa ameinama mbele ya kompyuta ya dada, jasho linamtoka. Alikuwa akijaribu kumalizia ngazi ya mzunguko ya maktaba. Ilibaki reli ya kushikia tu.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Angalia, nimeshaiunganisha."

Kweli, kwenye skrini mistari yake iligusa kila nguzo. Dada alishika kipanya, akaigeuza ngazi kidogo upande. Reli ikaachana na nguzo zote, ikabaki inaelea peke yake.

"Rula, hii umeichomelea hewani!"

Alicheka. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akaikazia skrini jicho lake zima.

"Kumbe skrini ni bapa kwa kila mtu," alisema taratibu. "Nyie na macho yenu mawili hamwoni kina humu. Lazima mgeuze mchoro. Na kugeuza mimi najua."

Akavuta kiti. Rula akampisha haraka kama mtu aliyekalia moto.

Alifuta mistari yote. Akasogeza kipanya kwenye nguzo ya chini mpaka kialama kikatokea, kuonyesha kwamba amenasa ncha yenyewe, si nafasi iliyo jirani nayo. Hapo ndipo alipobonyeza. Akaupeleka mstari mpaka ncha ya nguzo ya pili, akageuza ngazi, akaitazama kutoka juu, kisha ubavuni, kisha kutoka chini, kama anayechagua papai sokoni. Hakuuamini mstari wowote kwa kuutazama upande mmoja. Alipofika juu aliilainisha mikunjo, na reli ikapanda kwa mzunguko mmoja mtulivu. Mimi niliyezoea kupokea michoro yake ikiwa tayari, nilisimama nyuma yake nikasahau kwamba nina kazi yangu.

Vitu vyake havikuondoka siku ile.

Tulipokwenda kufunga ngazi maktabani, reli iliingia kwenye nguzo zake bila kulazimishwa. Mtunza maktaba alipitisha kiganja juu yake kuanzia chini hadi juu, akashuka, akapanda tena.

"Nani kaichora hii?" aliuliza.

"Dada yangu," nikajibu, kifua mbele.

Nikampigia simu palepale kumpa habari. Alinisikiliza kidogo tu.

"Haya, nimefurahi, mdogo wangu. Sasa acha maneno, nipe vipimo vya ile balkoni ya kazi inayofuata. Rula ameshaanza kukinyemelea kiti changu."