Saini Yangu kwenye Kalavati la Nangara

Mwanangu Noela alikuwa kidato cha pili. Machi ya mwaka jana, akitoka shule, ukingo wa mtaro wa Nangara ulimomonyoka chini ya miguu yake, maji yakamwingiza kwenye kalavati, mabomba ya zege yanayopita chini ya barabara. Mtaro ule ulikuwa haujatimiza mwaka tangu ujengwe. Aliyeujenga, Elimringi, alikuja msibani, akakaa kiti cha mbele, akaniambia ni mapenzi ya Mungu.

Mwaka huu mji umetoa fedha za dharura ili mtaro na kalavati vijengwe upya kabla ya masika. Kampuni iliyoleta mafundi ilikuwa na jina jipya. Aliyeshuka kwenye gari alikuwa Elimringi.

Mkutano wa mtaa ulipochagua watu watatu wa kusimamia kazi, nilinyoosha mkono. Watu walidhani natafuta la kunisahaulisha. Nilichotaka ni siku moja tu ambayo yeye angenihitaji mimi. Bila saini zetu tatu, kazi haipokelewi na mkandarasi halipwi.

Siku hiyo ilifika Alhamisi, saa nane mchana. Mzee Aniceti alikuwa ameshasaini. Rose, muuza mboga, naye alikuwa ameshasaini. Elimringi akanisogezea kalamu.

"Bado wewe tu, Mama Noela."

Alilitamka jina la mwanangu kama mtu anayeomba chumvi mezani.

"Umefukia kabla hatujaona ndani," nikasema.

"Ndani ni kama nje, mama."

"Basi ingia utuonyeshe. Ingia huku, utokee upande wa pili wa barabara."

Akacheka. "Na shati hili jeupe?"

"Shati litafuliwa," akasema Rose.

"Mimi naogopa hilo tumbo," Mzee Aniceti akadakia. "Likikwama, mji utatoa tena fedha za dharura."

Watu waliosimama barabarani wakaangua kicheko. Dereva mmoja wa bodaboda akazima pikipiki ili asipitwe. Elimringi akaona hana pa kutokea, akavua viatu, akaingia kwa kutambaa.

Wote walimtazama yeye. Mimi niliutazama Mlima Kwaraa. Ulikuwa umefunikwa na mvua tangu saa sita, na maji ya kule huchukua kama saa mbili kutufikia. Nilijua hivyo nilipomwambia aingie. Naliandika hili ili baadaye nisije nikajidanganya.

Yakaja, membamba, yamebeba povu na majani makavu. Niliyaona kabla ya wenzangu, nikakaa kimya. Yakapita miguuni pangu yakaingia alikoingia.

Sauti yake ikatoka ndani. "Jamani, kuna maji."

"Endelea kutambaa," nikamwambia.

"Kiungo cha katikati hakijazibwa. Udongo unaniangukia. Mama Noela, naomba watu."

Sikuita mtu. Ni Mzee Aniceti aliyekimbilia upande wa pili, yeye na yule wa bodaboda, wakamvuta mikono. Alitoka shati likiwa tope tupu, analia bila sauti. Rose akachukua kalamu, akakata saini yake kwa mistari miwili. Aniceti naye akakata yake.

Barabara ilifukuliwa kesho yake, kwa gharama ya Elimringi, nami nilikaa kwenye kigoda nikiangalia kila kiungo. Alipomaliza akaniletea karatasi mpya, akasimama mbali kidogo.

"Utasaini lini, mama?"

"Masika yakiisha."

"Lakini sasa kazi ni nzuri. Umeona mwenyewe."

"Maji ndiyo yataniambia."

Padri ameniomba nimsamehe. Nimemjibu kwamba nimesikia. Sasa kila mvua ikianza Elimringi anakuja na mwavuli, anasimama kando ya kalavati, anakodolea macho udongo. Namwona kutoka mlangoni kwangu. Mtu aliyesimama kwenye mvua hukaribishwa ndani hata kama humjui. Mimi naendelea kuchambua maharage.